Mpando wa Mazeras Juu ya Meza: Mwongozo Kamili wa Kujenga Reli ya Mfano Mombasa

Mtu akiingiwa na hamu ya reli za mfano, jambo la kwanza analofanya ni kununua treni. Inafika, inazungushwa sakafuni jioni mbili tatu, mchanga na nywele vinaingia kwenye gia, kisha inarudi ndani ya boksi lake na kulala huko. Mwongozo huu unakwenda kinyume: mbao kwanza, reli baadaye, treni mwisho. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Mkaazi wa Mombasa anahitaji kuagiza ng'ambo reli, magurudumu, mota na kifaa cha kuendeshea, basi. Vilivyobaki, kuanzia kokoto hadi minazi, vipo kati ya kisiwani na Mazeras, na vingi ni vya bure. Maadui nao ni wa papa hapa: unyevu, chumvi na wadudu. Miongozo mingi ya Ulaya na Marekani haiwataji, kwa sababu waandishi wake wanajenga kwenye vyumba vikavu vyenye hita.

Amua mahali na zama

Kabla ya kushika futi kamba, jua unajenga wapi na mwaka gani, maana uamuzi huo ndio utakaokuambia nunua nini. Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianzia Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901, kwa njia yenye upana wa mita moja. Ukipenda moshi, zama za kuchagua ni miaka ya 1950, zilipoingia Garratt, mashine kubwa za mvuke zenye viungo, za daraja la 59. Zilikuwa 34, zilijengwa na Beyer, Peacock wa Manchester, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na hakuna mashine ya mvuke ya reli ya mita iliyowahi kuzishinda kwa ukubwa. Namba 5918, Mount Gelai, bado imesimama kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Nenda na futi kamba na simu yenye chaji. Ukipenda dizeli, kuna miaka ya mabehewa ya usiku ya Kenya Railways. Ukipenda mambo ya leo, kuna SGR iliyofunguliwa 2017 na stesheni yake ya Miritini. Na mwenye kutaka kitu cha ajabu zaidi anaweza kuweka pembeni ya meza kipande cha vile vigari vya kusukumwa na watu vilivyokuwa vikipita kwenye vijireli vyembamba mitaani kisiwani mwanzoni mwa karne iliyopita.

Mimi nakushauri Mazeras. Njia ya zamani ya mita, ikitoka pwani kupanda bara, ilipiga duara zima pale Mazeras na kupita juu yake yenyewe ili ipate kimo bila mwinuko mkali. Kwa mjenzi wa meza hiyo ni bahati kubwa. Kila reli ya mezani inalazimika kuzunguka, na mzunguko huo ndio unaoifanya ionekane kitu cha kuchezea. Hapa mzunguko una sababu yake, na mgeni yeyote aliyewahi kupanda treni ile ya zamani ataitambua.

Kipimo

Vipimo vipo vingi. Viwili ndivyo vya kufikiria. HO ni 1 kwa 87, na reli zake zina upana wa mm 16.5. N ni 1 kwa 160, upana mm 9. N inakula nafasi ndogo, lakini gurudumu dogo husumbuliwa na vumbi haraka, na vumbi letu lina chumvi. Chukua HO. Hesabu yake ni rahisi: kila mita moja ya kweli ni mm 11.5 mezani. Mtu mzima ni mm 20. Mnazi wa mita 15 ni sm 17. Behewa la SGR la mita 25 na ushei ni karibu sm 29.

Hapo kuna mtego. Mm 16.5 ukizidisha kwa 87 unapata reli pana ya mm 1435, yaani SGR yenyewe. Reli ya mita katika uwiano huo inatakiwa iwe na mm 11.5, na iliyo karibu zaidi kuuzwa ni HOm yenye mm 12, ambayo Peco na Tillig huitengeneza. Ukiwa mtu wa subira na mkono mzuri, HOm ndiyo sahihi, ila mabehewa ya Afrika Mashariki utayajenga mwenyewe kuanzia fremu. Kwa anayeanza nasema bila aibu: tumia mm 16.5. Chukua dizeli ya General Electric yenye ekseli sita, ipake rangi za Kenya Railways, na inakaribia umbo la daraja la 93. Reli itakuwa imezidi kwa mm 5. Jicho litazoea baada ya wiki. Treni inayoanguka kila ikikata kona halitaizoea kamwe.

Meza

Ubao wa plaiwudi huuzwa futi 8 kwa 4, yaani sm 244 kwa 122. Nunua wa mm 12, mwambie fundi akukatie katikati upate vipande viwili vya mraba, kila kimoja ukifungie fremu yake, kisha uviunganishe kwa bolti. Kisa ni ngazi na milango. Wengi wetu tunakaa nyumba za kupanga, na siku ya kuhama, meza ya kipande kimoja inaishia kukatwa kwa msumeno. MDF, ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, achana nayo kabisa. Ikipata unyevu kidogo inavimba kama mandazi, na haikunjuki tena.

Fremu iwe saiprasi ya inchi 3 kwa 1, na vipande vya kukatiza kila sm 40. Mbao ukizitoa dukani mara nyingi bado zina maji. Zilaze chumbani kwenye sakafu bapa wiki mbili kabla ya kukata, ukiweka vijiti kati yake zipate hewa. Wakati mzuri ni kaskazi, Disemba hadi Machi. Mbao iliyokatwa katikati ya masika ikikauka baadaye inavuta viungo vyote. Tumia skrubu na gundi, misumari waachie wanaojenga vibanda.

Kisha fanya kazi ambayo wengi huiruka: paka vanishi au praima pande zote sita za kila ubao, pamoja na kingo na upande wa chini usioonekana. Ubao uliopakwa juu tu hunywa unyevu kwa chini na kujikunja kwenda juu. Paka dawa ya mchwa kwenye miguu, na simamisha kila mguu ndani ya kikopo chenye oili kidogo, ile hila ya bibi zetu ya kabati la chakula. Sisimizi hawali reli, lakini wanajua kuhamia ndani ya mlima wako na kutoa udongo nje usiku mzima.

Kimo cha meza kiwe sm 110 hadi 120. Kikiwa chini ya hapo utatazama treni kwa jicho la kunguru. Usiisukume meza hadi ukutani pande mbili, kwa sababu mkono wa mtu hufika sm 75 kwa raha, na treni huanguka mahali usipofika. Dirisha nalo liwe mbali. Jua letu linapausha rangi ndani ya miezi.

Mchoro wa njia

Juu ya futi 8 kwa 4, njia inayofaa ni duara mbili, moja ndani ya nyingine: treni inazunguka nje kwa nusu kipenyo cha sm 55, inazunguka ndani kwa sm 46, kisha inajikata mara moja kwa daraja. Jumla ni karibu mita 11. Sasa hesabu mwinuko. Njia ya juu inahitaji kuwa sm 8 juu ya ile ya chini, ili kichwa cha treni kipite na unene wa daraja ubaki. Kwa mwinuko wa asilimia 2, yaani sm 2 kwa kila mita, unahitaji mita 4 za kupanda na mita 4 za kushuka. Zinabaki mita 3 tambarare, na hapo ndipo stesheni inapokaa. Usijaribu asilimia 4 ili upate nafasi. Treni ya mabehewa matano itakwama kwenye kona na kuteleza magurudumu.

Sm 46 ni kona kali. Mabehewa mafupi na ya mizigo yatapita vizuri. Anayetaka mabehewa marefu ya Madaraka Express, treni ya abiria ya SGR, apange sm 60 na zaidi, maana yake meza kubwa zaidi au njia inayozunguka kuta za chumba.

Chora kwanza kwa programu ya bure kama XTrackCAD, kisha kwa ukubwa kamili juu ya magazeti yaliyogandishwa kwa selotepu mezani. Programu itakubali mambo ambayo mkono utayakataa. Angalia hasa haya: kona ya kushoto isifuatwe papo hapo na ya kulia bila kipande kilichonyooka chenye urefu wa behewa lako refu kuliko yote, pointi, pale njia moja inapogawanyika mbili, isikae ndani ya handaki wala pale mwinuko unapoanzia, na mwinuko wenyewe uanze polepole, usivunjike kama ngazi.

Kulaza reli

Hii ndiyo sehemu ya kutumia muda. Mandhari mbaya unaweza kuibomoa Jumamosi moja, lakini reli mbaya ukishaifunika kokoto utaishi nayo.

Agiza reli ya kukunjika, vipande vya takriban sm 91, si vile vifupi vya boksi la watoto. Kila kiungio ni mahali pa umeme kukatika. Sisitiza madini yawe nikeli-silva, ambayo jina lake ni la fahari tu kwani ni shaba, nikeli na zinki. Reli za chuma zitashika kutu hapa kabla hujamaliza mlima. Chukua reli ya saizi iitwayo "code 100", yenye kimo cha mm 2.5, kwa sababu magurudumu ya zamani yenye ukingo mrefu hayagongi mataruma yake, vile vipande vya kukatiza vinavyoshika reli. Kadiria pia ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16 ili usishtuke siku ya kuchukua mzigo.

Chini ya reli watu huweka koki, lile gome jepesi la vizibo vya chupa. Hapa mkeka wa foamu wa mazoezi wenye unene wa mm 5 unafaa vilevile, na hauvimbi. Kata vipande viwili vyembamba kwa kila njia, kimoja kila upande wa mstari wa katikati, vipinde na kona, kisha viungane kwenye mstari huo. Mshazari wa kingo ukatwe kwa wembe mpya.

Kabla ya kukunja kipande kwenye kona, kiunge na mwenzake vikiwa vimenyooka na ulehemu kiungio; halafu kunja vyote pamoja. Ukikunja kwanza, kiungio kinatoa kipembe, na kila treni itaanguka pale pale. Ukikata reli, piga ncha kwa tupa ndogo juu, chini na ndani, mpaka ukipitisha ukucha usikwame. Kichwa cha msumari kisilikandamize taruma: taruma likiinama katikati, reli mbili zinasogeleana. Pima mm 16.5 kwa venia kila baada ya sentimita chache kwenye kona. Kisha weka shavu mezani, funga jicho moja, na utazame reli kwa urefu wake. Kasoro ambayo kipimo hakikuonyesha itajionyesha yenyewe.

Wengi huogopa joto kupanua reli. Kwa nyuzi 10 za tofauti, mita moja ya nikeli-silva huongezeka chini ya mm 0.2, na hapa Mombasa joto la chumbani halichezi sana kuliko hapo. Kinachotembea ni mbao. Acha mwanya wa unene wa kadi ya simu kwenye viungio vya sehemu zilizonyooka, na hasa pale vipande viwili vya meza vinapokutana.

Umeme

Umeme wetu ni volti 240. Kifaa kilichonunuliwa Marekani kwa ajili ya volti 120 kitaungua siku ya kwanza, kwa hiyo soma maandishi ya nyuma kabla ya kuchomeka. Na kwa vile stima ikirudi huja kwa kishindo, pitisha kila kitu kwenye kile kikinga cha friji kinachochelewesha umeme dakika chache.

Mfumo wa kawaida hupeleka hadi volti 12 kwenye reli, na kasi hufuata volti. Mfumo wa DCC, yaani wa kidijitali, hutuma amri kwa kila kichwa chenye dikoda yake (kijisakiti cha kupokea amri), na unaweza kuendesha treni mbili kwenye njia moja. Kwa meza hii ndogo, kawaida inatosha. Ila tandika waya kana kwamba kesho utahamia DCC.

Maana yake ni hivi. Pitisha chini ya meza nyaya mbili nene, za milimita mraba 1.5, zile zile za kuwekea taa za nyumba. Nyekundu ni ya reli ya nje, nyeusi ya reli ya ndani. Kutoka hapo, kila kipande cha reli kipate nyaya zake mbili fupi. Usitegemee viungio kupeleka umeme. Kwa hewa ya bahari vinaota ukungu wa kijani ndani, na treni inaanza kusitasita sehemu usiyoielewa. Nyaya hizo fupi zitoe kwenye kebo ya intaneti iliyoharibika. Ni za shaba, nyembamba, na zina rangi mbalimbali.

Lehemu kwa risasi yenye ulimbo wa kulehemu ndani yake, ile ya mafundi redio. Asidi ya mafundi bati isikaribie meza yako kabisa. Hubaki kwenye kiungio na kukila taratibu. Safisha reli, ipake risasi kidogo, upake waya risasi kidogo, kisha vigusanishe kwa sekunde mbili. Ukikawia, mataruma ya plastiki yatayeyuka. Ukimaliza kila sehemu, pima kwa multimita kama nyekundu na nyeusi hazijagusana. Mwenye DCC afanye na jaribio la sarafu: laza sarafu juu ya reli mbili, mahali mbalimbali. Kifaa kinatakiwa kizime papo hapo. Kisipozima, nyaya ni nyembamba au ni haba, na siku treni itakapoanguka utanusa plastiki.

Sasa endesha. Sukuma behewa kwa kidole njia nzima, mbele na nyuma. Endesha kichwa peke yake kwa kasi ya kobe. Kisha treni nzima kinyumenyume, maana kurudi nyuma ndiko kunakofichua kila kosa. Fanya hivyo wiki nzima kabla ya kugusa plasta.

Ardhi

Milima ijenge kwa foamu nyeupe za kufungashia friji na runinga. Maduka ya vifaa vya umeme huzitupa nje kila jioni. Zigandishe kwa gundi nyeupe ya seremala na kuzishona kwa vijiti vya mishikaki, kwa sababu gundi ikifungiwa kati ya foamu mbili huchukua siku kukauka. Rangi ya kupuliza na gundi za petroli zinaiyeyusha foamu, kwa hiyo zisubiri. Chonga kwa kisu kirefu, kisha ufunike kwa vitambaa vyembamba vilivyochovywa kwenye plasta. Kuna wanaotumia gazeti na uji wa unga. Kwetu sisi huo ni mwaliko wa mende.

Kwa sababu hiyohiyo, puuza wanaokufundisha kutumia majani ya chai, mdalasini na manjano kama udongo. Vinapendeza siku ya kwanza, na manjano huparara kwa mwanga. Sisimizi nao watakuwa na sherehe.

Miamba ya mkato wa reli hauhitaji kuichonga. Jiwe la Mazeras, lile linalobandikwa kwenye kuta na nyua, linapasuka kwa tabaka, na penye kukatwa vibamba pana vipande vidogo vya kutupwa. Vibandike vikiegemea upande mmoja, tabaka zote zikilala mwelekeo mmoja, kisha ujaze nyufa kwa plasta. Usizidishe, mawe ni mazito, na fremu ya meza yako ni ya mbao za inchi moja.

Udongo mwekundu chukua kandokando ya barabara kuelekea Mariakani. Uchekeche, kisha uukaange kwenye sufuria kuukuu hadi ukauke kabisa na mayai ya wadudu yafe. Bakisha chupa moja ya ule laini kabisa, utauhitaji kwenye kutu.

Mchanga wa pwani kwa kweli sipendi. Una chumvi, na chumvi huvuta maji hewani mwaka mzima na kula misumari. Ukilazimika, uoshe kwa maji baridi mara kadhaa na uanike.

Kokoto

Kokoto za njia ya kweli zikigawanywa kwa 87 zinakuwa na chini ya mm 1. Hiyo ni saizi ya vumbi la kokoto linalouzwa kwa wajenzi. Lipitishe kwenye chujio la chai: linalopita ni laini mno, weka kando kwa ajili ya barabara. Linalobaki lipitishe kwenye chekecheke ya unga, na linalopita hapo ndilo lako. Lioshe, likauke, kisha pitisha sumaku mara kadhaa ndani yake. Punje zenye chuma zitaruka kuifuata. Hizo ndizo zingeruka kwenye mota ya treni.

Mimina kwa kijiko kati ya reli, na usambaze kwa brashi laini ya rangi. Pigapiga reli kwa mpini wa brashi, punje zitashuka kutoka juu ya mataruma zenyewe. Usifike kwenye pointi. Hapo weka kidogo sana, kwa mkono, punje ikiingia kwenye ulimi wa pointi imeharibika. Mpaka uridhike na umbo, gundi isiguswe.

Halafu lowesha kwa bomba la kupulizia lenye maji na tone la sabuni ya vyombo. Puliza juu, yashuke kama manyunyu. Ukielekeza bomba moja kwa moja kokoto zitakimbia. Zikishalowa, chukua sindano isiyo na ncha, jaza gundi nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, na udondoshe tone baada ya tone katikati na kandoni. Utaona gundi inazama na kusambaa yenyewe. Isiposambaa, hujalowesha vya kutosha. Futa juu ya reli papo hapo, na acha siku mbili. Wakati wa masika acha nne.

Miti

Mnazi ndio utakaoihukumu kazi yako, kwa kuwa kila Mpwani anajua mnazi unavyokaa. Shina ni waya wa mm 2, uliozungushiwa uzi kuanzia chini na kupakwa gundi na vumbi. Upinde kidogo, mnazi ulionyooka kama nguzo ya stima hauaminiki. Kuti moja ni karatasi mbili zilizobandikwa na waya mwembamba katikati, urefu wa sm 5. Ikikauka, ikate pande zote mbili kwa mshazari kuelekea nchani, mikato myembamba kadiri mkasi unavyoweza. Mti mmoja unataka makuti 20 na zaidi: ya juu yamesimama na ni kijani mbichi, ya katikati yamelala, mawili matatu ya chini ni ya kahawia na yananing'inia. Hayo yaliyokauka ndiyo yanayofanya mti uwe wa kweli. Minazi minane mizuri inatosha.

Mbuyu ni rahisi na unapendeza zaidi. Sokota nyuzi nyingi za waya wa stima, zitawanye juu ziwe matawi mafupi manene, kisha uvimbishe shina kwa karatasi ya chooni na gundi hadi lifike mm 50 au zaidi. Rangi ni ya kijivu yenye wekundu kidogo. Usiuwekee majani, mibuyu hukaa mitupu sehemu kubwa ya mwaka. Mwembe, kinyume chake, ni duara la kijani kizito: sifongo iliyonyofolewa na kunyunyiziwa unga wa mbao uliotiwa rangi.

Nyasi ni katani. Kata kamba vipande vya mm 5, chovya ncha kwenye gundi, simamisha. Nyuzi za makumbi ya nazi ni vichaka. Rangi yake ya asili ni ya kiangazi tosha. Ukitaka masika, tia rangi ya nguo.

Nyumba, mabati na watu

Kuta za stesheni na maduka zitoke kwenye mabaki ya bodi za PVC za watengeneza mabango. Zinakatika kwa wembe na hazijui unyevu.

Mabati nitayaeleza taratibu. Migongo ya bati la kweli ina nafasi ya takriban mm 76, yaani mm 0.87 mezani. Nyuzi za bolti ya M5, yaani yenye unene wa mm 5, zina nafasi ya mm 0.8. Basi chukua trei ya foili ya biriani, ioshe mafuta kabisa, kata kipande bapa, kilaze juu ya ndara kuukuu, na ubingirishe juu yake fito ya M5 yenye nyuzi kwa kukandamiza kwa viganja viwili. Mistari itatoka sambamba, ikiwa imelala upande kidogo tu. Kata ukifuata mistari, si ukingo wa trei. Bati moja liwe mm 10 kwa 34. Bandika moja moja kuanzia chini kwenda juu, kila moja likilalia jirani yake mstari mmoja. Paka rangi ya kijivu, na kabla haijakauka vizuri gusa kwa brashi kavu yenye ule udongo laini wa Mariakani, zaidi kwenye viungio na chini ya misumari. Kutu huanzia hapo.

Watu wa HO wanaouzwa wamevaa makoti ya Ulaya. Kata suruali kwa kisu, mfunike karatasi laini iliyolowa gundi ifike miguuni, paka nyeupe, umepata mwenye kanzu. Ukipaka nyeusi tupu, unapata buibui. Leso inataka karatasi mbili, moja kiunoni na moja kichwani, na nukta za rangi mbili tu. Ukijaribu kuchora jina la leso utapofuka. Wakusanye palipo na kivuli na biashara: muuza madafu na mkokoteni wake, vijana kwenye baraza la duka. Uwanja mtupu mbele ya stesheni haudhuru. Watu hawasimami juani.

Utunzaji

Funika meza kwa leso kuukuu, kamwe si kwa plastiki, kwani plastiki hufungia unyevu ndani. Reli zifute kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi na kitambaa cha pamba; spiriti ya kusafishia vidonda ina mafuta yanayobaki kwenye reli. Msasa hapana: mikwaruzo yake ndiyo nyumba ya uchafu wa kesho. Sufi ya chuma isiingie chumbani kabisa, nywele zake zinaishia kwenye mota.

Vichwa vya treni vilale kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Silika ikishanyonya maji, ipashe polepole kwenye sufuria kavu irudi kazini. Katika miezi ya masika endesha treni angalau mara moja kwa wiki, hata kwa robo saa, na ukisikia inaanza kusitasita usipandishe volti: simamisha, geuza kichwa, futa magurudumu kwanza.